Kabati la mtaani, klosha na chesisi ya OLT: naviwekaje kwenye databesi ya vifaa?

fundi_kori
Habarini wakuu. Niko kampuni ndogo ya intaneti hapa Dar, nimekabidhiwa kazi ya kutoa rekodi za vifaa kwenye mafaili ya Excel nizipeleke databesi ya PostgreSQL, na nimekwama kwenye kitu nilichokiona chepesi kabisa mwanzoni. Masanduku. Yaani chochote kinachobeba kingine ndani yake. Tuna vyumba vya mitambo vyenye raki za 42U (U ni kipimo cha nafasi ya urefu kwenye raki), tuna makabati ya mtaani (ndani reli za inchi 19, U 12 hivi, chini betri, halafu ODF ndogo (paneli ya kuishilizia nyuzi za fiba) imefungwa ubavuni kwa skrubu, yenyewe haina U), tuna klosha (makasha ya kuunganishia nyuzi za fiba) juu ya nguzo na nyingine kwenye chemba, na humo kwenye raki kuna OLT (mtambo unaopeleka huduma ya fiba kwa wateja), na chesisi yake nayo ni sanduku lenye slotu za kadi.

Nilitengeneza jedwali kwa kila aina. Matokeo yake kila kifaa kina kolamu nne, raki_id, kabati_id, klosha_id, chesisi_id, tatu ziko tupu muda wote, na wiki iliyopita nimekuta splita moja (kigawanya mwanga wa fiba) imejazwa raki_id na kabati_id kwa pamoja, haieleweki iko wapi. Kilichoniuma zaidi ni juzi usiku, fiba imekatika, rekodi inasema klosha iko nguzo fulani, vijana wameegesha ngazi wamepanda wamekuta nguzo tupu. Klosha ilishahamishwa nguzo tatu mbele wakati barabara inapanuliwa na hakuna aliyebadilisha rekodi. Wateja wamekaa bila huduma mpaka alfajiri. Sasa naombeni msaada, jedwali moja au mengi? Na klosha ni kifaa au ni mahali?

raki42
Pole sana mkuu. Jedwali moja. Liite sanduku, kila mstari una id, aina, na mzazi_id inayorudi kwenye jedwali hilohilo. Kadi mzazi wake chesisi, chesisi mzazi wake raki, raki mzazi wake chumba. Ukitaka kujua kadi iko jengo gani unapanda na WITH RECURSIVE (swali la SQL linalojirudia hatua kwa hatua), inakupa njia nzima. Ile splita yako yenye nyumba mbili haiwezi kutokea tena maana mzazi ni mmoja tu. Weka na jedwali dogo la sheria, aina gani inaruhusiwa kukaa ndani ya aina gani, ili mtu asije akaingiza kadi ya OLT moja kwa moja kwenye chemba.

Kwa upande wa U usiwategemee watu kuwa makini, iache databesi yenyewe ikatae. Hifadhi nafasi kama int4range (renji ya namba), washa kiongezo cha btree_gist, halafu weka sharti la EXCLUDE, linalokataa mistari inayogongana, kwenye raki_id, upande na hiyo renji. Mtu akijaribu kuweka swichi U 10 wakati kuna kitu kinakaa U 9 hadi 11, inagoma palepale. Upande ni muhimu maana vifaa vifupi viwili vinaweza kugawana U moja, kimoja mbele kingine nyuma, na kifaa kirefu unakiandikia pande zote mbili. Pia angalia raki zenu zinahesabiwa kutoka chini au juu. Nimewahi kufanya kazi sehemu vyumba viwili vya kampuni moja vinahesabu kinyume, fundi akaenda kuchomoa U 5 kumbe inayotakiwa ni ile ya juu kule.

Ile ODF ya ubavuni mpe mzazi kabati, U iache tupu. Usimtungie U ya uongo ili fomu ikubali.

nyuzi12
Nakubaliana na raki42 kwenye huo mti wa mzazi na mtoto, ila kuna kitu hajakigusa na ndicho kitakachokutesa. Kukaa ndani na kuunganishwa ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye kwenye mzazi_id hata siku moja. Klosha iko ndani ya chemba, hapo sawa. Lakini kebo ya kori (nyuzi) 96 haiko ndani ya klosha, inaishia pale, na ina ncha ya pili kilomita mbili mbele.

Swali lako la kifaa au mahali, mimi hujiuliza hivi: kikinyanyuliwa kikapelekwa kwingine kinabaki kilekile? Klosha ndiyo, kwa hiyo ni kifaa. Nguzo na chemba ni mahali. Kabati la mtaani watu wengi wanakosea hapa, wanalifanya mahali, gari likija likaligonga mnaweka kabati jipya kwenye zege lilelile na historia ya lile la zamani inafutika. Ziwe mistari miwili, eneo lenye GPS, na kabati lenye serial namba yake ya kiwandani, ndani ya hilo eneo.

Ndani ya klosha shuka mpaka kwenye tre. Fungua moja uone, kebo inaingia chini, tyubu zinazunguka, kila tre ina splaisi (maungio ya kori mbili) 12 au 24 zimelala kwenye vijinafasi vyake. Kila splaisi iwe mstari: kori ya kebo A, kori ya kebo B, tre namba ngapi, nafasi namba ngapi. Rangi usiandike kwa mkono kwenye kila kori. Kori ya 1 bluu, 2 chungwa, 3 kijani, mpaka ya 12, huo ni mpangilio wa TIA-598, lakini kuna kebo zinafuata mpangilio mwingine, kwa hiyo mpangilio wa rangi ukae kwenye aina ya kebo, kori ibaki na namba tu.

slotu_0
Kabla hujaandika yote mwenyewe iangalie NetBox, programu ya kutunza rekodi za vifaa vya mtandao, ilianzia DigitalOcean ikawekwa wazi 2016, bure, na chini yake ni hiyohiyo PostgreSQL. Kwa klosha unatengeneza kifaa cha U 0 bila raki, kebo inaingia kwenye poti ya nyuma yenye nafasi nyingi, kila kori inatokea poti ya mbele, na kuna aina ya poti ya splaisi kabisa.

Kwa OLT tumia moduli, zilikuja toleo la 3.2 mwaka 2022. Usitumie device bay (nafasi za kuwekea kifaa ndani ya kifaa), zile ni za mashine zinazojitegemea kama seva za bledi. Kwenye chesisi ya Huawei kama MA5800-X17 kumbuka kadi za huduma ni slotu 1 hadi 8 halafu 11 hadi 19, ya 9 na 10 ni za kontroli, ukizipa namba 1 hadi 17 mfululizo majina ya poti hayatalingana na unachokiona kwenye CLI (dirisha la amri la OLT). Na hiyo X17 upana wake ni wa inchi 21, haikai kwenye raki ya 19, tofauti na X15, kwa hiyo upana nao uwe sehemu ya sheria zako.

fundi_kori
Aisee nimewaelewa sana, nashukuru. Sasa ile ya klosha kuhama, nabadilisha tu mzazi_id?

nyuzi12
Hapana ndugu, ukibadilisha juu yake unapoteza ilikokuwa. Toa mzazi_id kwenye sanduku, weka jedwali la ukaaji: sanduku_id, mzazi_id, kuanzia, hadi, nani kahamisha. Kuhama ni kufunga mstari wa zamani na kufungua mpya. Halafu weka unique index ya sanduku_id pale ambapo kolamu ya hadi iko NULL (tupu), ili kila kitu kiwe na mahali pamoja tu kwa sasa. Ile sheria ya U aliyokupa raki42 nayo ihamie hapo, iangalie mistari ambayo haijafungwa.

Na kila klosha ibandikwe lebo ya QR isiyopauka kwa jua, fundi asishuke kwenye ngazi kabla hajaiskani na simu imechukua GPS. Anza na zile za barabara inayopanuliwa sasa hivi, hizo ndizo zitakazokuamsha usiku.