Teksi za kijiwe na teksi mtandao hapa Dar: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waanzie wapi ili kila mtu apate haki yake?

Dereva_IST
Habari za jioni wadau. Mi ni dereva wa teksi mtandao, hizi za kuitwa kwa apu ya simu, hapa Dar, mwaka wa nne huu, gari ni IST ya bosi, hesabu ninayompelekea 25,000 kwa siku, Jumapili ndo yangu. Leo nimepishana kauli na mzee mmoja wa kijiwe pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Nimesimama napakia abiria aliyeniita, mama katoka Mbeya na mabegi mawili na gunia la mchele, mzee akaja akashika mlango akasema "hapa tunalipia sisi, nyie mnakuja kuvuna tu". Sikumjibu vibaya maana ni umri wa baba yangu, na baba yangu mwenyewe kaendesha teksi Mnazi Mmoja miaka kumi na kitu, hiyo kazi ndo imenisomesha. Ila hilo neno kuvuna limenikaa rohoni mpaka sa hivi.

Sasa ngoja niwape mahesabu ya safari hiyohiyo. Mbezi mpaka Segerea imesoma 12,000. Kamisheni ya kampuni ya apu 25%, 3,000 imeondoka hapohapo. Nilikuwa Kimara Mwisho wakati ananiita, zile kilomita kama sita za kumfuata hakuna anayezilipa, mafuta ya kumfuata na kumpeleka hayapungui 4,500. Nabaki na 4,500, hapo bado bando, kuosha gari, na kurudi tupu. Yani safari sita za namna hiyo ndo hesabu ya bosi imetimia, ya saba ndo naanza kula mimi na wanangu. Wengine wamefunga gesi, wanaokoa mafuta, lakini nenda Ubungo Maziwa uone foleni, mtu anapoteza masaa ya kazi amekaa kwenye usukani anasogea gari moja moja.

Na bei sijapanga mimi, imepangwa na simu. Swali langu ni hilo, kama kweli tunataka haki kati yetu na wazee wa vijiwe, LATRA waanzie wapi? Kamisheni ishuke? Wote tuwekwe kwenye sheria moja? Naomba mchango wa maana maana mi hii kazi ndo maisha yangu.

Mzee wa Shauri Moyo
Pole mwanangu. Mi niko kijiweni tangu 1996, Kariakoo. Huyo mzee wa Mbezi simtetei kwa kushika mlango, hilo ni kosa, lakini nikueleze kinachomuuma. Sisi kuanza kazi ilikuwa namba nyeupe, mstari wa rangi ubavuni ujulikane wa manispaa gani, bima ya biashara, leseni, ushuru wa maegesho, na kijiweni kwenyewe huingii mpaka wenzako wakukubali na utoe kiingilio. 2016 zikaja gari za namba ya njano, gari ya mtu ya kwendea kazini, jioni anawasha simu anabeba abiria, halipi hata kimoja katika hivyo nilivyokutajia. Miaka ile imetuumiza sana, kuna wenzangu waliuza gari wakarudi kulima. Sa hivi wengi wenu mnakata leseni najua, lakini kidonda hakijapona.

Na nikiri jambo, maana nimeona mengi. Bei zetu tulikuwa tunazitaja kwa kumwangalia mtu. Akishuka na begi la magurudumu bei yake, akija na kanzu ya msibani bei yake. Abiria walichoka, wamekimbia kwa haki yao. Tungekubali bei ya kueleweka mapema tusingefika huku.

Mama wa Tabata
Shikamoo mzee wa Shauri Moyo, umesema ukweli mpaka nimefarijika. Mi abiria tu. Usiku natoka kazini Mwenge saa nne, kijiweni naambiwa 25,000, nikifungua apu nakuta 10,000, na dada yangu nyumbani anaona kwenye simu yake gari ilipofika. Mwanamke peke yake usiku hiyo ni kubwa kuliko hata bei.

Ila madereva wa mtandao na nyie mtusikie. Naita gari, dereva anapiga, "dada unaelekea wapi, unalipa keshi au kadi?" nikisema kadi anakata simu, au ananiambia kansel twende hivihivi. Nikikansel si ndo dada yangu haoni tena gari? Mvua ikinyesha bei inakuwa mara mbili na bado nasubiri dakika arobaini. Alafu siku mama yangu alipozidiwa saa tisa usiku kila aliyekubali alikansel, aliyenipeleka Muhimbili ni mzee wa kijiwe cha hapa mtaani kwetu, nilimgongea dirisha amelala kwenye gari, sikuwa hata na hela, alisema utanipa kesho. Kwa hiyo mi sitaki vijiwe vife, nasema kabisa.

Mjumbe wa Sinza
Dereva_IST swali lako limeshawahi kujaribiwa kujibiwa, tukumbushane. Kampuni ya apu ya Uber imeingia Dar 2016, enzi hizo msimamizi wa usafiri ni SUMATRA, LATRA imekuja 2019. 2022 LATRA wakapanga nauli na kushusha kamisheni mpaka 15%. Madereva tulishangilia, Aprili mwaka huohuo Uber ikasitisha huduma, Agosti Bolt, apu nyingine, nao wakabana wakabaki na wateja wa makampuni. Vikao vikakaliwa, kamisheni ikaruhusiwa mpaka 25% na 3% ya ada ya oda, Januari 2023 Uber ikarudi. Wenzetu Kenya kanuni zao za 2022 ziliweka ukomo wa 18%.

Mi naona tuligombania asilimia tukasahau bei yenyewe. Chukua safari yako ya 12,000, ukikatwa 25% unabaki na 9,000. Apu nyingine ikija na bei ya 9,000 kwa safari hiyohiyo alafu ikukate 15% tu, unabaki na 7,650. Umekatwa kidogo na umepata kidogo. Na zile apu za kupatana na abiria ndo balaa, madereva wanashushana wenyewe kwa wenyewe mpaka bei haitoshi mafuta. Kwa hiyo pa kuanzia kwangu ni bei ya chini ya kilomita moja ambayo hakuna apu inaruhusiwa kwenda chini yake, na kilomita za kumfuata abiria zikizidi kiasi fulani zilipwe. Tena ifuatiliwe, maana bei ikishatangazwa kwenye gazeti bila mtu wa kuikagua kwenye simu inakuwa karatasi tu.

Na hilo la "bei sijapanga mimi" usilichukulie dogo. Uingereza Mahakama ya Juu Februari 2021 iliamua madereva wa Uber wana haki za wafanyakazi, kima cha chini na likizo yenye malipo, na moja ya hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba nauli anapanga kampuni na dereva hana sauti. Sheria zetu ni tofauti, ila hoja ina miguu hata hapa.

Kijana wa Mbagala
Mi nasema soko liachwe. Bei ikipanda abiria tunapanda bajaji na boda, nyote mnakosa.

Mjumbe wa Sinza
Mkuu soko lipi? Bajaji ina bei yake kijiweni na daladala nauli yake inapangwa na LATRA, hakuna anayelalamika. Na dereva ambaye hesabu haijatimia analala masaa manne anarudi barabarani, huyo ndo anakubeba wewe na mkeo Morogoro Road usiku.

Mzee wa Shauri Moyo
Hapo kwenye usingizi umegusa penyewe. Mi naongeza moja tu, maegesho. Pale stendi na Kariakoo watenge sehemu ya kupakia, kila mwenye leseni ya teksi alipie ushuru uleule aingie, awe wa simu awe wa kijiwe. Mlango wa gari hautashikwa tena.

Dereva_IST
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Mama wa Tabata naomba radhi kwa niaba ya wenzangu, hiyo ya kuuliza kadi inatokana na hela ya kadi kuchelewa kuingia wakati bosi anataka hesabu yake leo usiku, lakini kwa mwanamke usiku haifai, mi nimeacha kuuliza kuanzia leo.

Mjumbe hilo la kilomita za kumfuata abiria sijawahi kusikia mtu analisema kwenye kikao chochote. Nimeanza kuandika kwenye daftari kila safari, nilikotoka kumfuata, nauli, makato, nilichobaki nacho. Nataka nifikishe mwezi mzima alafu nipeleke LATRA kwa maandishi, wenzangu wawili wa Kimara wameshakubali kuandika ya kwao. Mzee, kesho naenda Mbezi kumtafuta yule mzee nimwonyeshe daftari la leo. Ungekuwa na namna ya kuniandikia na wewe matumizi yako ya siku, ushuru, leseni, na safari unazopata sa hivi, ningeviweka pamoja. Kijiwe chako kipo upande gani wa Kariakoo nije?