Mjadala: Dawa ya sumu ya nyoka iwekwe zahanati ya kijiji, au pesa iende kwenye usafiri?

Mjumbe wa Serikali ya Kijiji
Wakuu, hoja hii hurudi mikutanoni kila msimu wa kupalilia: kila kaya ichangie, zahanati inunue dawa ya sumu ya nyoka, ikae hapahapa kijijini. Hospitali ya wilaya iko mbali, mvua ikinyesha barabara ni tope, na wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Naunga mkono mchango. Anayepinga aje na hoja, siyo "haiwezekani" peke yake.

Mfamasia
Napinga, Mheshimiwa, na naanza na hesabu. Watu wanadhani ni sindano moja, kama ya pepopunda. Kichupa kimoja huwa ml 10. Aliyeumwa na moma (wengine mnamwita kifutu) na uvimbe unapanda, huanziwa vichupa 5 hivi. Wa koboko 10 au zaidi. Mtoto hapunguziwi. Nyoka hampimi mtu uzito kabla ya kumuuma, sumu ni ileile, na dozi ni ileile. Sasa kijiji kikichanga kikapata vichupa viwili, kimenunua nini?

Halafu jokofu. Dawa ya maji hukaa nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Jokofu la zahanati ni la chanjo, hufunguliwa kwa mpangilio maalumu. Ipo dawa ya unga inayovumilia joto zaidi, ila nayo ina tarehe ya mwisho. Kijiji kimoja kinaweza kukaa misimu miwili bila mgonjwa wa kuihitaji, ikaharibika kabatini wakati kijiji cha ng'ambo ya mto kinazika.

La tatu ndilo linalonitisha zaidi: dawa gani? Hutengenezwa kwa sumu ya nyoka maalumu. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa Asia haimjui moma wa kwetu. Mwaka 2004 Ghana walibadilisha dawa wakachukua ya bei nafuu, na katika eneo lililofuatiliwa vifo vya walioumwa vikapanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kabla hujalipa, soma karatasi iliyo ndani ya boksi: majina ya kisayansi ya nyoka yaliyoandikwa ni ya nyoka waliopo kwenu? Kama hayapo, rudisha.

Muuguzi wa zahanati
Naongeza lililosahaulika. Dawa yenyewe inaweza kuua. Inatokana na damu ya farasi, kwa hiyo mzio mkali unaweza kuanza dakika 10 baada ya kuingia mshipani, au saa moja, au tatu: vipele, kutapika, kifua kubana, presha kushuka. Hapo unataka adrenalini, dawa ya kuzima mzio huo, imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla hujaanza dripu, mtu mzima mg 0.5 kwenye msuli wa paja, na mtu wa kumwangalia mgonjwa bila kuondoka. Zahanati yenye muuguzi mmoja zamu ya usiku, huku mama mwingine ana uchungu, ataangaliwa nani?

Mjumbe wa Serikali ya Kijiji
Sawa, dada. Lakini koboko hasubiri barabara ikauke. Mtu anaweza kushindwa kupumua ndani ya saa chache. Mnataka afie kwenye tope?

Daktari wa kituo cha afya
Koboko anaua kwa kulegeza misuli ya kupumua. Moyo bado unapiga, mtu anasikia, ila kope zimelala, mate yanamshinda kumeza, kisha kifua kinasimama. Anayepuliziwa hewa kwa ambubagi, ile pampu ya mkono, huweza kuvushwa hadi penye dawa. Kama kijiji kina pesa ya kununua kitu kimoja, basi ni ambubagi mbili, ya mtu mzima na ya mtoto, na watu wanne waliofundishwa kupokezana, maana mkono huchoka haraka.

Kitu cha pili ni bomba la kioo. Chukua damu ya mshipa ml 2, weka kwenye bomba la kioo safi na kavu, liache limesimama dakika 20 bila kuguswa, kisha liinamishe mara moja tu. Damu ikimwagika kama maji, sumu imeizuia kuganda, na huyo anatakiwa kukimbizwa hata kama anaonekana mzima. Makosa ni mawili tu, na ndiyo ninayoyaona yakijirudia kwenye rufaa: bomba la plastiki, au la kioo lililooshwa kwa sabuni. Yote mawili huzuia damu kuganda, ukapata majibu ya uongo.

Na usafiri unaokoa kweli. Damak, kusini-mashariki mwa Nepal, walipanga pikipiki za kujitolea pamoja na elimu ya vijijini, na vifo vya walioumwa vikashuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Hawakusambaza dawa kila kijiji.

Kiongozi wa kijiwe cha bodaboda
Boda tuko tayari, ila mjue mgonjwa habebwi kama gunia. Anakaa katikati, nyuma yake mtu wa kumshika, na mguu ulioumwa umefungwa ubao usichezecheze. Kope zikianza kuanguka au anatapika, boda haifai tena. Hapo ni gari, alale ubavu. Tatizo letu ni saa nane usiku: nani analipa mafuta? Mfumo wa m-mama unabeba wajawazito, waliojifungua na vichanga. Aliyeumwa na nyoka hayumo. Pesa ya mchango ingekaa hapo.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Na tuseme ukweli, wengi wanachelewa kwa sababu ya jiwe jeusi la waganga, linalobandikwa kwenye jeraha eti linyonye sumu, siyo umbali. Jiwe lile ni mfupa uliochomwa. Linaonekana kufanya kazi kwa sababu si kila nyoka anayeuma huingiza sumu. Ugomvi na mganga hausaidii. Mpeni namba ya dereva, akubali kwamba uvimbe ukipita kifundo, au damu ikitoka kwenye fizi, anapiga simu.

Nyumbani: vua pete, bangili, shanga za mguuni kabla ya uvimbe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Usimkimbize nyoka ili umpeleke hospitali, hata kichwa kilichokatwa kinauma. Aliyetemewa na swila machoni ni hadithi nyingine: maji mengi safi dakika 15 hadi 20, kisha zahanati wamkague kidonda cha jicho na kumpa marhamu ya macho. Sindano ya dawa ya sumu ya nyoka hahitaji.

Mjumbe wa Serikali ya Kijiji
Nimeelewa kuhusu vichupa. Lakini kamba mnasema isifungwe, na watu watafika wameshafunga. Ifunguliwe njiani?

Daktari wa kituo cha afya
Hapana, Mheshimiwa. Iliyokaza ikifunguliwa ghafla porini, sumu iliyojikusanya inaingia kwa mkupuo. Ifunguliwe kituoni, dripu imeshawekwa, dawa iko mezani na ambubagi iko mkononi. Dereva apige simu akiwa anaondoka kijijini, siyo akifika getini, ili hivyo vyote vimkute tayari.

Mfamasia
Na vichupa vya kuanzia wagonjwa wawili vikae kituo cha afya, vijiji vyote vya kata vichangie humo. Kikitumika kimoja, oda inaandikwa siku hiyohiyo, siyo mwisho wa robo.