Vidonge vya manjano na chai ya kijani kwa mzazi: asubuhi au usiku?

Mjukuu wa Pili (mleta uzi):
Habari zenu wakuu. Nina mama yangu, miaka 67. Nataka aishi, tena aishi akiwa na nguvu zake, siyo kuhesabu miaka kitandani. Nimesoma sana kuhusu kemikali za mimea: kurkumini ya kwenye manjano, katekini za chai ya kijani, resveratroli ya zabibu nyekundu. Swali langu ni dogo tu. Kati ya chakula na vidonge, kipi bora? Na kama ni vidonge, ameze asubuhi au usiku? Matusi hapana tafadhali, sipati usingizi kwa ajili ya hili.

Saumu Mbichi:
Mkuu, vidonge vya nini wakati kitunguu saumu kipo? Ila wengi mnakikosea. Alisini, ile kemikali yake yenye kazi, haimo kwenye punje nzima, inatokea pale unapoiponda. Kwa hiyo ponda, acha dakika kumi, ndipo uweke jikoni. Ukiitupa kwenye mafuta ya moto papo hapo umebaki na harufu. Mimi natafuna mbichi mwaka wa 12 huu. Mwanzoni mke wangu alihamia chumba cha pili. Sasa hivi anayeponda ni yeye.

Mama Wawili:
Brokoli nayo ni hivyo hivyo. Nakata vipande vidogo, naviacha kwenye ubao kama dakika 40, ndipo napika. Sulforafani, kemikali yake inayosifiwa, inatengenezwa na kimeng'enya baada ya kisu kupita, na maji ya kuchemka yanakiua kimeng'enya hicho. Nyanya ni kinyume: likopini yake mwili unaipata vizuri zaidi ikipikwa kwa mafuta kidogo. Mwanangu, mpikie mama yako, utembee naye jioni. Siku hizi mnataka kumeza afya kutoka kwenye kopo huku mmekaa.

Fundi Dozi:
Kabla ya asubuhi au usiku, mama anatumia dawa gani?

Mjukuu wa Pili:
Za kawaida za umri wake. Presha. Tujibu swali kwanza mkuu.

Fundi Dozi:
"Za kawaida" ni zipi? Na hilo kopo limechanganywa pilipili manga? Siulizi kwa umbea. Kurkumini peke yake mwili unaitoa haraka sana, ndiyo maana watengenezaji wanaongeza piperini ya pilipili manga. Kuna jaribio la 1998 ambapo piperini ilipandisha kurkumini iliyofika kwenye damu kwa asilimia 2,000. Inafanya hivyo kwa kupunguza kasi ya utumbo na ini kuivunja, na njia hizo hizo ndizo dawa nyingi zinapitia.

Mjukuu wa Pili:
Sawa. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Aliwekewa vali ya moyo ya chuma miaka minne iliyopita. Na ndiyo, vidonge ameshaanza, wiki ya tatu, vyenye pilipili manga. Sikusema mapema kwa kuwa nilijua mtanirukia. Lakini hii ni mimea jamani, kitu cha jikoni! Tangu aanze anapanda ngazi bila kusimama katikati. Kliniki wamemtisha na mboga za majani mpaka hazigusi, anakonda, na hilo nalo ni matibabu? Kipimo cha INR cha mwezi huu, kile cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani, tumekiruka, maana najua watasema aache.

Kidole Juu:
Wakuu, hii ni chai, na siyo ya kijani. Angalieni inavyokuja kwa mafungu: kwanza presha, mara vali ya chuma, mara ngazi anapanda. Ukurasa wa pili atataja jina la kopo na mahali pa kulipata. Nimeziona nyuzi hizi nyingi.

Mshale:
Nakuunga mkono kidogo. Watu wameuziana matumaini kwenye eneo hili hata ngazi za juu. 2008 GlaxoSmithKline walinunua kampuni ya Sirtris, iliyojengwa juu ya utafiti wa resveratroli, kwa dola milioni 720. 2013 ikafungwa. 2014 ikatoka taarifa ya wazee 783 wa Toscana, Italia: wenye resveratroli nyingi mwilini hawakuishi muda mrefu kuliko wenye kidogo. Na Finland, vidonge vya beta-karotini kwa wanaume wavutaji sigara viliongeza saratani ya mapafu kwa asilimia 18, hiyo ni 1994. Karoti haijawahi kufanya hivyo. Mleta uzi, kama unauza, sema.

Mjukuu wa Pili:
Siuzi chochote. Basi niwaambie kilichonifanya nifungue uzi. Jumapili niliona povu la mswaki wake lina rangi ya waridi. Leo asubuhi alipokunja mikono aoshe vyombo, mkono wa kushoto una doa la zambarau toka kifundo mpaka karibu na kiwiko, kama mtu kamwagia wino. Anasema aligusa mlango. Aligusa tu.

Fundi Dozi:
Kidole Juu, hata kama ni chai, kuna anayesoma hapa ana mzazi kwenye warfarini. Mjukuu, nisikilize. Vidonge vya kopo simamisha sasa hivi. Warfarini usiipunguze wala kuikatisha wewe mwenyewe, vali ya chuma bila dawa hiyo inaotesha damu iliyoganda. Mpeleke leo, siyo Jumatatu, na kopo ubebe. Akiumwa kichwa ghafla au akipata choo cheusi, hiyo ni dharura. Mboga hakatazwi: vitamini K ndiyo inayopingana na warfarini, hivyo ale kiasi kile kile wiki hadi wiki ili dozi ipangwe juu yake. Na vidonge vya chai ya kijani usimwanzishie. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2018 kwamba miligramu 800 za EGCG, katekini kuu ya chai hiyo, kwa siku kwa njia ya virutubisho zinahusiana na dalili za ini kuumia.

Mjukuu wa Pili:
INR 6.1. Vali yake inatakiwa 2.5 hadi 3.5. Wamembakiza mpaka kesho. Nesi alisoma kopo, akalizungusha, akaliweka kwenye faili lake bila kunisema. Ningependa angenisema.

Kidole Juu:
Weka picha ya majibu.

Mjukuu wa Pili:
Karatasi ya mama yangu siiweki hapa. Amini au usiamini.

Mama Wawili:
Mwache, Kidole. Mjukuu, umekula?

Saumu Mbichi:
Fundi, samahani. Mimi mwaka jana nilianzishiwa aspirini ya moyo, nayo ni ya kupunguza damu kuganda. Kitunguu saumu natafuna punje sita kwa siku, na sikumwambia daktari. Nami ninahusika?