Naomba ushauri: kulinganisha osileta mbili za megahezi 10 kwa gharama nafuu

Ndugu wapenzi wa elektroniki, salamu kutoka Tanga. Nina osileta (saketi zinazotoa mawimbi ya umeme ya masafa thabiti) mbili za megahezi 10: moja ya fuwele ya kwatzi yenye kijitanuri cha kuitunza kwenye joto lisilobadilika, iliyong'olewa kwenye mtambo chakavu wa simu, na nyingine inayorekebishwa na ishara za setilaiti za GPS. Kaunta yangu ya kupimia masafa, ikihesabu kwa sekunde 1, haioni tofauti iliyo chini ya hezi 1, yaani sehemu 1 katika milioni 10, jambo ambalo kwa vifaa hivi ni kupima dhahabu kwa mizani ya mkaa.

Nimejaribu pia osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya mtumba: ninaituliza kwa wimbi la ile ya GPS, kisha ninatazama wimbi la pili likisogea taratibu kwenye kioo, likimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 100, tofauti ni sehemu 1 katika bilioni 1. Njia hii inanipendeza, ila hainipi kumbukumbu ya usiku kucha.

Je, nikigawanya masafa yote mawili hadi kilohezi 100, nikayalinganisha kwa geti ya XOR (saketi inayotoa volti pale tu mawimbi mawili yanapotofautiana), kisha nikachuja volti zake na kuzisoma kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), nitapata usahihi wa kutosha? Na je, kwa osileta mbili tu ninaweza kujua ni ipi inayoyumba, au ni lazima nitafute ya tatu?