Wiki nne nafundisha kingereza, leo mbele ya wazazi naitwa "kijana wa maji"

Wakuu salamu baadaye, nina hasira hata chai haipiti.

Yule bosi wa kambi ya kingereza, mnamjua msijifanye, yule wa Noah nyeupe anayepokea simu kwa "yes yes yes" hata kama kapigiwa na dalali wa vyumba. Leo kanifanyia kitu.

Nimekaa pale Bagamoyo wiki nne na watoto waliomaliza la saba Septemba wanasubiri fomu wani Januari, sitini na kitu darasa moja, chaki nakata vipande vitatu, miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili halafu Januari wanakutana na fotosinthesisi kwa kingereza, mimi ndo nimewatoa kwenye "ticha mimi go choo". Usiku patroni ni mimi, anayekojoa kitandani wangu, anayemlilia mama wangu.

Basi leo kufunga kambi, wazazi chini ya maturubai, bosi kashika maiki anamtambulisha mzungu aliyekuja JUZI, Mtaliano wa watu alikuwa anapita zake kuangalia magofu ya Kaole, kingereza chenyewe akitafuta neno moja mikono yote iko hewani, eti "huyu ndo anawanoa watoto wenu". Vigelegele. Mama mmoja kamtuza elfu kumi. Mimi nimesimama na katoni, mzazi akauliza na huyu je? Bosi hata hakupepesa: "Aah, huyo kijana wetu wa maji."

KIJANA WA MAJI wakuu. Watoto wanapiga kelele ticha ticha, yeye anacheka, "watoto bwana". Kijana wa maji! Na mzungu naye akanipa ishara nimletee chupa. Nikampelekea. Tena ya baridi.

Mchungaji wa Bata: Hapo kwenye ya baridi ndo umejimaliza mwenyewe 😂😂

Fundi Redio: Ni Kiingereza, sio kingereza. Bosi kaona mbali.

Dada Mkubwa wa Tandika: Pole mdogo wangu. Kakulipa lakini?

Mleta uzi: Elfu thelathini, nyingine kasema tutaongea. Na katoni lililobaki nichukue.

Mchungaji wa Bata: Mshahara wa maji kwa kijana wa maji, sasa unalalamika nini

Kobe Mstaafu: Afadhali wewe, mimi nilipiga kambi hiyohiyo mwaka jana, maharage mchana maharage usiku, yana mchanga unasikia kabisa kwenye jino

Fundi Redio: Mchanga sio tatizo la maharage ni mpishi hachambui. Mkipata ya Kigoma hamtasema

Nyakato wa Shamba: Kigoma wapi bwana, maharage ni Mbeya, yanaiva kabla hujarudi dukani kununua nazi

Kobe Mstaafu: Maharage kuweka nazi ni kuficha uzembe

Dada Mkubwa wa Tandika: Toka hapa, mama yako alikulisha nini?? Mwenye ya Kigoma debe bei gani anicheki

Mleta uzi: Wakuu tulikuwa tunaongelea mimi

Fundi Redio: Kijana wa maji subiri kwanza, watu bado wanakula