Jengo lenye raia ndani: waingie polisi au jeshi?

Mkaazi wa Parklands
Kila Septemba ikifika swali hili hunirudia. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wanne wa Al-Shabaab waliingia Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, na watu 67 wakauawa. Alasiri ile Recce, kikosi maalumu cha GSU, tawi la polisi wa Kenya, walikuwa wamekwisha kuingia. Kisha KDF, jeshi la Kenya, nao wakaingia bila mawasiliano ya pamoja, kamanda mmoja wa Recce akauawa kwa risasi za wenzake, polisi wakaondoka, na kazi ikaendelea hadi Jumanne, sehemu ya jengo ikiwa imekwisha kuporomoka. Rai yangu ni kwamba jengo lenye raia ni kazi ya polisi waliofunzwa kuokoa mateka. Mwanajeshi hajui mlango, anajua kubomoa tu.

Mstaafu wa Bujumbura
Ndugu Mkaazi, neno lako kwamba mwanajeshi hajui mlango limenichoma. Nilihudumu Mogadishu katika kikosi cha Burundi chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia, tukisogea mtaa kwa mtaa, hadi Al-Shabaab walipouhama mji Agosti 2011. Mlango tuliujua vizuri, na ndiyo sababu tuliukwepa, kwa kuwa adui huuelekezea bunduki au hutega bomu kizingitini. Tulitoboa ukuta kwa nyundo, tundu la kumtosha mtu aliyeinama, tukapita nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabara. Wa kwanza akiingia huangalia pembe moja, wa pili huangalia nyingine, wala hakuna anayekatiza mbele ya bunduki ya mwenzake. Vumbi likijaa humwoni aliye nyuma yako. Unamjua kwa kiganja chake begani mwako. Hiyo ni elimu, na iligharimu maisha ya vijana wengi wa kwetu.

Mwalimu wa Kisumu
Afande, heshima yako ipo pale pale, lakini swali hukulijibu. Nyuma ya ukuta wa Mogadishu ulimtarajia adui. Westgate, nyuma ya ukuta alikuwa mama aliyewalalia wanawe chini ya kaunta, na kwenye maegesho ya juu kulikuwa na mashindano ya watoto ya upishi. Tena kamera za duka ziliwaonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko kama waporaji. Linganisha na shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi mwaka 2019, ambako Recce walimaliza kazi kwa saa mbili tatu.

Kijana wa Mombasa
Mwalimu, sikubali jeshi zima lihukumiwe kwa mifuko. Wakuu walisema ni maji ya kunywa, jambo ambalo halikuwaridhisha wengi, mimi nikiwemo; lakini baadaye wanajeshi wawili walifukuzwa na kufungwa. Na hizo saa tatu umezitoa wapi? Shambulio la Dusit lilianza alasiri ya tarehe 15 Januari na likatangazwa kumalizika asubuhi iliyofuata, yaani saa 19 hivi, na watu 21 walikufa.

Mwalimu wa Kisumu
Nimekosea saa, nakiri. Mifuko sikukosea.

Binti wa Garissa
Mnagombana juu ya mifuko na mmetusahau. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, magaidi waliingia chuo kikuu hapa kwetu, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Wanajeshi walikuwepo mapema kwa sababu kambi haiko mbali. Recce walisubiriwa kutoka Nairobi, na walipoingia bwenini jioni hawakuchukua muda mrefu. Kaka Mkaazi, ikiwa kazi hii ni ya Recce peke yao, mtoto wetu alale chini ya kitanda tangu alfajiri hadi jioni akiwangoja?

Mkaazi wa Parklands
Dada, hapo umenibana, na sitajifanya sikusikia. Wanaofika kwanza lazima wafunzwe kuingia, wawe wanajeshi au polisi wa kawaida. Hata Westgate, waliowatoa watu saa za mwanzo walikuwa polisi wachache na raia wenye bastola. Basi nailegeza rai yangu: sare si hoja kubwa kwangu tena. Ninachokishikilia ni kwamba aliye ndani asibadilishwe katikati ya kazi, na wote wawe chini ya kamanda mmoja.

Mstaafu wa Bujumbura
Mwalimu amesema nyuma ya ukuta nilimtarajia adui tu. Hapana, mwalimu. Karibu na soko la Bakara watu walikuwa bado wanaishi majumbani. Siku moja tundu letu lilifunguka hatua mbili kutoka kichwani pa bibi kizee aliyeketi juu ya mkeka, vumbi limemfunika hadi kope, ameshika birika kana kwamba ndilo la kuokolewa. Kijana wa mbele alikuwa na kidole kwenye kifyatulio. Sauti moja redioni ilisema simama, nasi sote tukasimama, kwa sababu sote tulikuwa tukiisikiliza sauti hiyo hiyo.