ACL imekatika: operesheni sasa au mazoezi kwanza?

Winga_wa_Kushoto
Wakuu, naombeni mawazo. Niligeuka ghafla mpirani mguu ukiwa umekita chini, goti likalia "pa!", jioni likawa limevimba. Picha ya MRI inasema ACL, ile ligamenti ya ndani ya goti inayoshikilia mifupa isiteleze, imekatika yote, na meniska, ule mto wa gegedu gotini, ina mpasuko mdogo. Daktari wa mifupa anataka nipasuliwe. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, anasema mazoezi miezi mitatu kwanza, halafu tuangalie. Kwa sasa uvimbe umeshuka, natembea bila magongo, ngazi napanda. Nataka kurudi uwanjani. Nimsikilize nani?

Beki_Mstaafu
Pole sana mkuu. Mimi nilianza na mazoezi, nyama za paja zikarudi, kukimbia kwa kunyoosha hakukuwa na tatizo. Kasheshe ni kukata kona: goti linaachia, unajikuta chini bila kuguswa na mtu. Nikapasuliwa, na sijuti. Kwa mpira, pasua.

Ila usidhani operesheni ndiyo kazi yenyewe. Ligamenti iliyokatika kwa kawaida haishonwi tu. Wanachukua kipande cha kano lako mwenyewe, la nyuma ya paja au la chini ya pia ya goti, wanakipitisha kwenye matundu waliyotoboa kwenye mfupa wa paja na wa muundi. Kwa hiyo unaumwa sehemu mbili: gotini na pale walipochukua kano. Halafu mazoezi uliyotaka kuyakwepa yanakusubiri palepale, tena marefu zaidi.

MamaBaiskeli
Mimi ACL sina na sikupasuliwa. Naendesha baiskeli, naogelea, nabeba mtoto. Mpira wa wavu niliuacha na sikuulilia. Kaka, jiulize kwanza unarudi kucheza nini, maana goti la kuogelea na goti la winga haliombwi kazi moja.

Mchambuzi_Huru
Mbona mshambuliaji Zlatan Ibrahimović alicheza miezi sita bila ACL, na timu yake Milan wakabeba ubingwa wa Italia 2022? Mnatishana bure.

Fizio_Mzee
Mchambuzi, malizia na habari yenyewe. Alisema mwenyewe goti lilivimba muda wote huo, likawa linatolewa maji kila wiki, na sindano zaidi ya 20. Msimu ulipoisha tu, akapasuliwa. Huo si mfano wa kumpa mtu mwenye kazi ya kuamkia.

Turudi kwa Winga. Uswidi waliwagawa kwa kura vijana 121 wanaopenda michezo: wengine wapasuliwe mapema, wengine waanze mazoezi na kupasuliwa baadaye ikibidi. Matokeo yalitoka 2010, na baada ya miaka mitano wakawapima tena. Kwa maumivu na uwezo wa goti, makundi hayakupishana kwa kiasi cha maana, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa. Beki ataniambia nusu nyingine walipasuliwa. Kweli kabisa, lakini hakuna aliyejua siku ya kwanza nani ataangukia wapi.

Upande wa pili, Uingereza walichapisha 2022 utafiti wa watu 316 ambao jeraha lao lilikuwa limekaa na goti bado linaachia. Hapo upasuaji uliyashinda mazoezi. Kwa hiyo mimi huangalia kitu kimoja kuliko picha ya MRI: goti linaachia au haliachii, baada ya paja kupata nguvu? Likiendelea kuachia, acha ubishi, nenda ukapasuliwe, kwa sababu kila linapoachia unahatarisha meniska na gegedu. Na hata ukiamua kupasuliwa, miezi hiyo ya mazoezi haijapotea. Goti linaloingia kwenye operesheni likiwa halina uvimbe, linanyooka lote na paja lina nguvu, hutoka vizuri zaidi.

Beki_Mstaafu
Hapo nakubaliana na Mzee. Ila winga anayekata kona kila dakika, mimi siweki hela yangu kwenye mazoezi peke yake.

Fizio_Mzee
Hata mimi kwa winga kijana naegemea huko. Sipendi tu aambiwe kwamba operesheni itamkinga na yabisi ya goti uzeeni. Hatari hiyo ipo kwa njia zote mbili. Na ukipasuliwa, usirudi mechini kabla ya miezi tisa, wala kabla mguu huo haujafikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake. Vijana wanaowahi ndio wanaokata tena.

Winga_wa_Kushoto
Asanteni. Na huo mpasuko wa meniska unabadilisha kitu?

Fizio_Mzee
Unaweza. Goti likikwama, likagoma kunyooka, usisubiri miezi mitatu, rudi kwa daktari mara moja. Kama halijakwama, muulize mpasuko uko sehemu gani na kama ni wa kushonwa. Unaoshoneka ni sababu nzuri ya kuwahi, kwa sababu ukichelewa unaweza kuchanika zaidi, daktari akaishia kuukata.

Beki_Mstaafu
Muulize pia atachukua kano la wapi, na operesheni za namna hii hufanya ngapi kwa mwaka. Asikasirike.